Bomba Lenye Jina: Kupitisha Rekodi kati ya Programu Mbili

Ukiwa na programu mbili kwenye kompyuta moja ya Linux, na moja inatakiwa kuipa nyingine taarifa muda wote, njia za kuziunganisha ni nyingi. Unaweza kuandika faili, kisha programu ya pili iwe inalichungulia kila baada ya sekunde chache. Unaweza kuweka seva ndogo ya ndani. Lakini pale ambapo mmoja anatoa na mwingine anapokea, mimi hukimbilia bomba lenye jina kabla ya kitu kingine chochote. Halihitaji maktaba ya ziada wala namba ya mlango wa mtandao, na lugha yoyote inayoweza kufungua faili inaweza kulitumia. Kulitengeneza ni amri moja. Wengi hukwama baadaye, kwa kudhani kwamba bomba linajua rekodi yao inaanzia wapi na kuishia wapi. Halijui. Linapitisha baiti tu, na mipaka ya rekodi ni kazi yako wewe unayeandika programu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Kituo cha kupokea maziwa kina mizani ya kidijitali iliyounganishwa kwa waya na kompyuta ndogo. Programu ya kwanza inasoma uzito kutoka kwenye mizani. Ya pili inapokea uzito huo pamoja na namba ya mkulima, inauingiza kwenye hifadhidata ya SQLite. Zimetenganishwa makusudi: mizani ikibadilishwa, unaandika upya programu moja ndogo bila kugusa hesabu za wakulima.

Kutengeneza bomba

    mkdir -m 700 ~/mizani
    mkfifo -m 600 ~/mizani/njia
    ls -l ~/mizani

Mstari utakaouona unaanza na herufi p, ndiyo alama ya bomba. Ukubwa wake ni 0, na utabaki 0 hata ukipitisha gigabaiti nzima, kwa sababu kilichopo kwenye diski ni jina peke yake. Data inapita kwenye kumbukumbu ya keneli. Ruhusa 700 na 600 zinahakikisha kwamba ni wewe tu, ukiacha msimamizi wa mashine, unayeweza kusoma na kuandika. Usiliweke bomba moja kwa moja ndani ya /tmp kwenye mashine yenye watumiaji wengi. Mwenzako anaweza kukutangulia kuweka kitu chake chenye jina lilelile, nawe ukammiminia rekodi zako bila kujua.

Sasa fungua terminali mbili. Katika ya kwanza andika cat ~/mizani/njia, katika ya pili andika echo habari > ~/mizani/njia. Neno litatokea upande wa pili, na papo hapo cat itamaliza kazi na kutoka. Rudia ukianza na echo: itaganda kimya mpaka cat ije. Hivyo ndivyo lilivyopangwa. Anayefungua upande mmoja husubiri mpaka upande wa pili ufunguliwe. Anayeona programu yake haitoi neno lolote mara baada ya kuwashwa hana sababu ya kuhangaika kutafuta kosa kwenye hesabu. Aangalie kwanza kama msomaji yupo. Asiyetaka kusubiri anaweza kufungua upande wa kuandika kwa O_NONBLOCK, na kama hakuna msomaji atapewa kosa la ENXIO mara moja.

Kuna mtego mdogo hapa unaosumbua kuliko ukubwa wake. Kama bomba limefutwa, nawe ukatumia alama ya > kwenye skripti, shell haitalalamika. Itaunda faili la kawaida lenye jina hilo, mwandishi ataendelea kuandika kwa furaha, na msomaji aliyekwisha kulifungua bomba la zamani hatapata kitu. Hakiki kwanza kwa test -p ~/mizani/njia. Katika Python, os.open yenye O_WRONLY peke yake inakulinda, maana haiundi faili jipya.

Mabomba yenyewe ni ya zamani. Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika wazo la kuunganisha programu mwaka 1964, na Ken Thompson akalitia ndani ya Unix mwaka 1973. Yale ya kwanza hayakuwa na majina, hivyo yaliweza kuunganisha tu programu zilizozaliwa na mchakato mmoja. Yenye majina yalikuja na System III ya AT&T mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo yaliyowezesha programu mbili zisizojuana, zilizowashwa saa tofauti, kukutana kwenye njia ya faili.

Rekodi moja, mstari mmoja

Tuseme rekodi ya mkulima ina sura hii:

    {"n":318,"mkulima":1047,"gramu":12400,"saa":"2025-03-08T06:41:00+03:00"}

Nimeandika gramu kwa namba kamili badala ya kilo 12.4. Desimali kama 12.4 haihifadhiki sawasawa kwenye mfumo wa namba mbili wa kompyuta, na ukijumlisha za mwezi mzima tofauti ndogondogo zinaweza kujitokeza. Maziwa ya watu yahesabiwe kwa gramu. Saa nayo imebeba +03:00 ili isitegemee kompyuta imepangwa saa za wapi. Uga wa n ni namba ya mfululizo. Kazi yake tutaiona mbele.

Ukituma rekodi mbili za namna hii bila kuweka mpaka, msomaji anaweza kuzipata zikiwa zimeshikana, au apate moja na nusu, nusu nyingine ije baadaye. Mpaka ulio rahisi kuliko yote ni alama ya mstari mpya: kila rekodi ya JSON iwe mstari mmoja, isivunjwe katikati. JSON inafaa sana hapa kwa sababu mstari mpya ukiwa ndani ya matini hauandikwi kama ulivyo. Unageuzwa kuwa \n ya herufi mbili. Kwa hiyo hata jina la ajabu lililobandikwa na karani haliwezi kujifanya mwisho wa rekodi. CSV haina kinga hiyo: uga uliofungwa kwa alama za nukuu unaweza kubeba mstari mpya halisi, na hapo kila anayehesabu mistari atapotea.

Upande wa mwandishi:

    import json, os, select, time

    fd = os.open(os.path.expanduser("~/mizani/njia"), os.O_WRONLY)

    def tuma(rekodi):
        mstari = json.dumps(rekodi, separators=(",", ":")) + "\n"
        baiti = mstari.encode("utf-8")
        if len(baiti) > select.PIPE_BUF:
            raise ValueError("rekodi imezidi kipimo")
        while True:
            try:
                os.write(fd, baiti)
                return
            except BrokenPipeError:
                time.sleep(1)

Kile kipimo cha PIPE_BUF ndicho moyo wa jambo hili. Kanuni za POSIX zinaahidi kwamba maandishi yasiyozidi PIPE_BUF, yakiandikwa kwa wito mmoja, yataingia kwenye bomba kwa mkupuo, bila ya mwingine kupenya katikati. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni baiti 512, na kwenye Linux ni 4096. Rekodi yetu pamoja na alama ya mstari mpya ni baiti 73, kwa hiyo hata mizani tatu zikiandika kwenye bomba moja, rekodi hazitachanganyika. Ukivuka kipimo ahadi inakwisha, ndiyo maana nataka programu ikatae kwa sauti kuliko kuacha rekodi ndefu ipite na kuharibu za wenzake. Angalia pia kwamba tunaandika kwa os.write moja. Ukiandika JSON kwanza kisha alama ya mstari kwa wito wa pili, umeufungua mlango ulioufunga.

Mwisho usio mwisho

Msomaji wa haraka ungemwandika kwa open na for, naye angefanya kazi mpaka mwandishi azimwe. Mwandishi wa mwisho akifunga upande wake, msomaji anaambiwa data imekwisha, kama ilivyotokea kwa cat. Mizani ikiwashwa upya alfajiri, programu ya hifadhidata itakuwa imekwisha kuondoka.

Wengi hutibu hili kwa kufungua bomba upya ndani ya mzunguko. Hufanya kazi, ila kati ya kufunga na kufungua kuna mwanya ambamo bomba halina msomaji. Mwandishi wa lugha ya C akiandika ndani ya mwanya huo hupelekewa ishara ya SIGPIPE, ambayo kwa kawaida humuua bila neno. Python huipuuza ishara hiyo na kukupa BrokenPipeError, na ndiyo tuliyoidaka hapo juu. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi: pande zote za bomba zikifungwa, chochote kilichobaki ndani hutupwa. Ndiyo sababu mwandishi wetu, akikosa msomaji, hafungi fd yake. Anasubiri na kujaribu tena, na kwa kuwa yeye bado ameshikilia bomba, rekodi zilizotangulia ziko salama humo mpaka msomaji arudi.

Tiba ninayoipenda ni msomaji ashike pande zote mbili mwenyewe:

    import json, os

    fd = os.open(os.path.expanduser("~/mizani/njia"), os.O_RDWR)

    with os.fdopen(fd, "r", encoding="utf-8") as bomba:
        for mstari in bomba:
            hifadhi(json.loads(mstari))

Maadamu yeye mwenyewe ni mmoja wa waandishi, bomba halikosi mwandishi kamwe, na mzunguko hausimami. Pia hagandi anapolifungua. POSIX haikueleza nini kitokee ukifungua bomba kwa O_RDWR, lakini Linux inalikubali, na katika shell ni exec 3<>njia. Usijaribu open yenye "r+" katika Python. Itakataa ikisema faili halirudishiki nyuma, kwani bomba halina nyuma wala mbele ya kurukia. Msomaji wa aina hii hufungwa kwa ishara kutoka nje, kwa mfano systemd inapomsimamisha.

Bafa inayokawiza

Tatizo linaloniletea maswali mengi kuliko mengine halimo kwenye bomba kabisa. Mtu anaunganisha programu iliyokwisha andikwa, tuseme grep au programu yake ya C inayotumia printf, anaona kwenye terminali kila mstari unatoka papo hapo, lakini akiuelekeza kwenye bomba hakuna kinachofika. Baada ya muda mistari mingi inakuja kwa pamoja. Sababu ni maktaba ya C: inapoandika kwenye terminali hutoa kila mstari unapokamilika, na inapoandika mahali pengine hukusanya kwanza, kwa kawaida baiti 4096, ndipo itoe.

Ucheleweshaji ni nusu ya ubaya. Fungu la baiti 4096 halijali mstari umekamilika au la. Linakatwa popote lilipojaa. Mstari wa mwisho unaingia nusu, na kama kuna mwandishi wa pili, rekodi yake inaweza kuketi katikati ya nusu hizo mbili. Kila fungu limeingia kwa mkupuo kama ilivyoahidiwa, na bado rekodi zimeharibika. Katika programu yako ya C weka fflush baada ya kila rekodi. Kwa print ya Python weka flush=True. Kwa grep kuna --line-buffered, kwa jq kuna --unbuffered ukiiambatanisha na -c ili kila kitu kibaki mstari mmoja, na programu nyingi nyingine za C zinakubali kuanzishwa kwa stdbuf -oL.

Ukihitaji baiti ghafi

JSON inatosha kazi nyingi, na faida yake kubwa ni kwamba ukipata shida unaweza kusoma kwa macho kinachopita. Lakini picha, sauti, au vipimo maelfu kwa sekunde havipendezi kugeuzwa maandishi. Hapo tanguliza urefu: baiti nne zinazosema rekodi ina ukubwa gani, kisha rekodi yenyewe. Katika Python ni struct.pack("<I", len(data)) + data. Alama < inataja mpangilio wa baiti, ndogo kwanza. Itaje daima, hata kama pande zote ziko kwenye mashine moja leo.

Msomaji asiamini kwamba akiomba baiti 900 atapewa 900. Bomba humpa zilizopo. Lazima aombe tena mpaka zitimie:

    def soma_kamili(fd, n):
        data = b""
        while len(data) < n:
            kipande = os.read(fd, n - len(data))
            if not kipande:
                raise EOFError("bomba limefungwa katikati ya rekodi")
            data += kipande
        return data

Na usimwage struct ya C kwenye bomba kama ilivyo kwenye kumbukumbu. Struct yenye char moja ikifuatiwa na int ya baiti nne ni baiti 5 ukihesabu kwa vidole, lakini kwenye mashine nyingi inachukua 8, kwa sababu kompaila huacha baiti tatu tupu ili int ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Python ukiiambia "<ci" itasoma 5. Kuanzia int ya rekodi ya kwanza kabisa kila kitu kimeteleza, na kwa vile namba zitatoka hata hivyo, ila za uongo, unaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kugundua. Njia hii ya urefu ina udhaifu huo kwa ujumla: ukipotea mara moja, huna alama ya kukurudisha njiani, tofauti na mstari mpya unaokupa nafasi ya kuanza upya kwenye rekodi inayofuata.

Umeme ukikatika

Kwenye Linux bomba hubeba baiti 65536 kabla ya kujaa, tangu toleo la 2.6.11. Kwa rekodi zetu ni karibu 900. Likijaa, mwandishi anasimamishwa mpaka msomaji apunguze, na mara nyingi hilo ndilo unalotaka. Ukihitaji nafasi zaidi, fcntl yenye F_SETPIPE_SZ inaweza kuliongeza, na mtumiaji wa kawaida huruhusiwa hadi mebibaiti 1 ikiwa mipangilio haijabadilishwa. Sipendekezi uanzie hapo. Bomba linalojaa kila siku linaonyesha kuwa msomaji ni mzito. Mara nyingi anafunga muamala wa SQLite kwa kila rekodi wakati angeweza kuzikusanya hamsini na kufunga mara moja.

Zito zaidi ni kwamba rekodi hizo 900 ziko kwenye kumbukumbu. Umeme ukikatika zimekwenda. Zaidi ya hapo, msomaji akiuawa ghafla anaondoka na zile alizokwisha kuzivuta kwenye bafa yake mwenyewe kabla ya kuzihifadhi, na mwandishi hajui chochote kwa sababu kwake ziliandikwa salama. Bomba halina risiti. Ikiwa kinachopita ni vipimo vya joto, kukosa kumi si msiba. Ikiwa ni maziwa ambayo mkulima ameyabeba alfajiri kwa baiskeli na atalipwa kwayo mwisho wa mwezi, mwandishi aandike rekodi kwenye faili la kumbukumbu na kuita os.fsync kabla ya kuituma. Hapo ndipo uga wa n unapofanya kazi. Msomaji akiona 318 kisha 321, anajua zimekosekana mbili na anazitafuta kwenye faili hilo. Ukiifanya n kuwa ufunguo usiojirudia kwenye jedwali na kutumia INSERT OR IGNORE, unaweza kulipitisha faili zima upya bila mkulima yeyote kuhesabiwa mara mbili. Mizani zikiwa zaidi ya moja, ongeza uga wa kutambulisha mizani, na ufunguo uwe wa vyote viwili.

Bomba likikuishia

Bomba ni la upande mmoja. Ukitaka majibu, unatengeneza mawili, na hapo utaratibu wa kufungua una uzito wake: programu A ikianza kwa kusoma bomba la majibu huku B ikianza kwa kusoma bomba la maombi, kila moja itamsubiri mwenzake milele. Zote zifungue mabomba kwa mfuatano uleule. Na usiweke wasomaji wawili kwenye bomba moja ukitarajia kila mmoja apate nakala; kila baiti inakwenda kwa atakayewahi. Linaishia pia kwenye mashine moja: hata jina likionekana kupitia diski ya mtandao kama NFS, programu za kompyuta mbili haziwezi kukutana humo. Windows nayo ina kitu chenye jina kama hili, chini ya \\.\pipe\, lakini kile kinaweza kuwa cha pande mbili na kina namna ya kutunza mipaka ya ujumbe, kwa hiyo usihamishe mazoea ya hapa kwenda kule.

Ukihitaji mazungumzo ya kweli, wateja wengi, au kujua nani yuko upande wa pili, nenda kwenye soketi za Unix. Aina ya SOCK_SEQPACKET hata inakutunzia mpaka wa kila ujumbe.

Kabla ya kupeleka kazi yako kituoni, ijaribu kwa ukali. Washa mwandishi dakika nzima kabla ya msomaji. Mpige msomaji kill -9 wakati rekodi zinapita, mrudishe, kisha linganisha namba za n kwenye hifadhidata na zile za kwenye faili. Msimamishe msomaji kwa kill -STOP huku ukituma rekodi 2000: mwandishi anapaswa kukwama akifika karibu na 900, na ukitoa kill -CONT zote ziingie kwa mpangilio. Mwisho, washa waandishi watatu kwa pamoja, kila mmoja na utambulisho wake, na upitishe kila mstari kwenye json.loads. Ukipata hata mstari mmoja uliovunjika, mwandishi mmojawapo anaandika rekodi kwa wito zaidi ya mmoja.